Rapala ya mbao yenye kichwa chekundu (CD18): nani ameiona dukani siku hizi?

#1 Mrambazaji (Msambweni)

Wakuu habari za leo. Naingia moja kwa moja.

Natafuta chambo cha bandia, samaki wa Rapala Magnum CD18, ile ya mbao, nyeupe yenye kichwa chekundu. Sentimita 18, gramu 70, ulimi wa bati chini ya kidevu. Sitaki ya plastiki na sitaki rangi nyingine.

Nilikuwa na moja. Aliniachia ami yangu alipoacha unahodha mwaka 2009, na hata mwaka huo haikuwa mpya. Rangi ya tumbo ilikuwa imebanduka mpaka mti wenyewe unaonekana, na ubavuni mashimo ya meno ya mzia yamejipanga kama matundu ya zumari. Kila kaskazi ikiisha ami alikuwa akiyaziba kwa gundi, kisha anapaka kichwa upya kwa rangi ya kucha ya mkewe. Wekundu uliokuwa ukituvulia nguru haukutoka kiwandani, ulitoka kwenye kichupa cha kujipambia.

Kaskazi iliyopita nguru aliikamata nje ya mwamba. Nikamvuta mpaka naona mgongo wake unang'aa, mita chache tu kutoka kwenye boti, papa akatokea chini. Akachukua nguru, Rapala na waya. Mshipi ukarudi mwepesi. Nilikaa chini, sikuweza kusema neno.

Nimezunguka maduka Mombasa, Kilifi na Malindi, kote natolewa za plastiki. Nilinunua mbili, nikazirambaza (kuzivuta nyuma ya boti) mwezi mzima mahali pale pale. Nilipata mzia wanne na sehewa kadhaa. Nguru sikumwona.

Basi nauliza mawili. Zinapatikana wapi? Na kwa nini ile ilishika na hizi hazishiki? Ni mti, ni rangi au ni kitu gani? Nawasilisha.

#2 Kolekole (Kilifi)

Pole sana ndugu yangu. Papa akishazoea kelele ya mashine hasubiri kukaribishwa.

Jibu langu ni fupi. Wamarekani walioianzisha wameona plastiki ina faida zaidi. Unamimina kwenye kalibu, unatoa nyingi kwa siku. Mti lazima uchongwe, ukaushwe, upakwe tabaka baada ya tabaka. Na zile zilizobaki, manahodha wamezificha. Namjua mmoja anazo sita ndani ya kikebe cha biskuti, na hakuruhusu hata uzishike.

#3 Daktari wa Ndoana (Dar)

Kolekole, hapo kwa Wamarekani nakurekebisha mkuu. Rapala ni ya Ufini. Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa kuvua apate riziki, katika ziwa Päijänne. Alikuwa akiwatazama samaki wakubwa wanavyovamia kundi la dagaa, akaona hawachukui yeyote tu. Wanamfuata yule anayeyumba, aliyejeruhiwa, anayeogelea upande. Mwaka 1936 akachonga samaki wake wa kwanza kwa kisu cha fundi viatu. Kiini kilikuwa kizibo, juu akakivika karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi akayeyusha negativu za picha akazipaka.

Marekani ilikuja baadaye. Agosti 1962 jarida la Life liliandika habari za chambo hicho, na ndilo toleo lililomweka Marilyn Monroe jaladani baada ya kufariki mwezi huo huo. Watu wengi mno walilinunua kwa ajili yake, wakakuta na habari ya samaki wa mti wa Ufini. Maagizo yakaizidi mikono ya familia iliyokuwa ikichonga. Kwa hiyo kutopatikana kwa Rapala si jambo la leo wala si la pwani yetu peke yake.

#4 Bin Shamte (Wete)

Assalaam alaikum. Mimi nitasema jambo ambalo pengine halitawapendeza. Hapa Pemba wazee wamerambaza kwa manyoya ya kuku mweupe tangu kabla ya samaki wa huyo bwana wa Ufini kufika hapa. Unachagua manyoya ya shingo, marefu, unayafunga kwenye ndoana kwa uzi mwekundu, nguru anakuja. Siku hizi wengine wanachambua kamba ya nailoni au gunia linalong'aa, na nguru anakuja vile vile.

Ila angalia, ndugu Mrambazaji: na sisi tunaweka uzi mwekundu pale kichwani. Mzee wangu alisema ule ni matamvua ya samaki aliyejeruhiwa, yanavuja damu. Kwa hiyo mimi nasema rangi. Mti hauhusiki.

#5 Sangara Mzito (Mwanza)

Wakuu, nasi wa maziwa makuu tupewe nafasi. Huku tunavuta CD18 hiyo hiyo kwa ajili ya sangara, na kichwa chekundu kinakwenda vizuri maji yakiwa na tope baada ya mvua. Kumbukeni sangara mkubwa kuliko wote aliyeshikwa kwa rodi duniani alitoka Victoria kwetu.

Sababu naijua: plastiki nyingi zina gololi ndani, zinapiga kelele kama manyanga. Ya mbao iko kimya. Samaki mkubwa mzee amekwisha kusikia manyanga maisha yake yote, hadanganyiki.

#6 Fundi Msumeno (Tanga)

Mimi ni seremala na mvuvi wa Jumapili, niruhusuni niongee juu ya mti.

Wengi wanadhani Rapala zote ni za balsa. Zile ndogo za kuelea, sawa, ni balsa. Hizi za Magnum ni mti uitwao abachi. Ni mti wa Afrika Magharibi, Waghana wanauita wawa na Wanaijeria obeche. Yaani mti unakatwa Afrika, unakwenda Ulaya, unarudi kwetu ukiwa samaki. Abachi ni mwepesi lakini una nguvu kuliko balsa, ndiyo maana unavumilia meno ya mzia.

Niliwahi kuipasua moja iliyokufa. Ndani waya unaanza puani, unapita mwilini mpaka mkiani, na ndoana zote zimeshikwa na waya huo. Mti ukipasuka, samaki bado yuko. Tumboni kuna uzito wa kuizamisha. Mti una nyuzi zake, hakuna vipande viwili vinavyofanana. Ndiyo maana moja inatikisika hivi na nyingine vile, ingawa zimetoka sanduku moja. Plastiki zote ni mapacha. Yako Mrambazaji ilikuwa ile moja.

#7 Daktari wa Ndoana (Dar)

Fundi, ahsante, hilo la waya ni darasa.

Sangara Mzito, kaka, usikasirike lakini rekodi ya sangara ya IGFA, shirika la kimataifa la rekodi za uvuvi wa rodi, ni ya ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Kilo 104 na kidogo. Na sangara wa Victoria ni mgeni aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960. Kwao asili ni Nile, Turkana, Albert na kwingineko.

#8 Sangara Mzito (Mwanza)

Nimepokea, Daktari. Lakini mgeni akikaa miaka 60 akala sato wote ameshakuwa mwenyeji. La gololi silirudishi nyuma.

#9 Binti wa Mkwiro

Salamu kwenu kaka zangu na wazee. Baba yangu alikuwa nahodha wa boti za wageni mkondo wa Pemba kwa miaka mingi na mimi nimekulia humo, kwa hiyo nasoma uzi huu kwa moyo wote.

Kaka Mrambazaji, nakuuliza matatu. Ami yako aliifunga vipi? Alikwenda mwendo gani? Na ile pete ya puani ilikuwa imenyooka au imepinda?

Nauliza kwa sababu baba hakukubali mtu ainunue Rapala akaitupa majini moja kwa moja. Alikuwa anaishikilia ubavuni mwa boti, anaiangalia dakika nzima inavyokwenda. Ikivuta kulia, anachukua koleo anakunja pete ya puani kushoto kidogo, unywele tu. Ikivuta kushoto, kinyume chake. Na hakufunga mshipi ukabana pua. Alifunga kwa kitanzi kilicholegea ili kichwa kiwe huru kucheza. Ukikibana, umemfunga pua na shingo pamoja, samaki hatikisiki tena.

Basi huenda hizo za plastiki zako hazina kosa lolote. Huenda zinakwenda zimelala ubavu na wewe umeketi nyuma unatazama mshipi tu.

#10 Kolekole (Kilifi)

Binti, umemwuliza maswali ya polisi. Lakini yana maana. Nahodha wangu naye hushikilia ubavuni kabla ya kuachia, mimi nilidhani anaiombea dua.

#11 Bin Shamte (Wete)

Inawezekana anafanya yote mawili. Dua haikatazi koleo.

#12 Kijana wa Lindi (Oklahoma)

Habari za nyumbani. Niko Marekani mwaka wa 14, nimejifunza kuvua kwenye mabwawa ya huku, na uzi huu umenigusa kwa sababu tunao ugonjwa huo huo.

Kuna chambo kinaitwa Wiggle Wart, kidogo, cha plastiki, tumbo nene, ulimi mpana. Kampuni ya Storm ilikitengeneza hapa Norman, Oklahoma. Mwaka 1999 Rapala wakainunua Storm, na uzalishaji ukahama. Tangu hapo wavuvi wanatafuta zile za kabla ya kununuliwa, na wanazilipia bei mara kadhaa ya mpya. Wanazigeuza tumboni na kusoma maandishi kama wakaguzi wa noti. Wengine wanasema plastiki ya zamani ilikuwa na mlio tofauti. Wengine wanasema ni ulimi. Wengine wanasema zile za zamani haziendi sawasawa, zinayumba ghafla upande halafu zinarudi, na hapo ndipo samaki anapopiga.

Kwa hiyo Fundi, kwa heshima, hapa plastiki ndiyo inayoliliwa. Si mti. Nadhani kinacholiliwa ni ule uyumbaji usiotabirika, uwe wa mti au wa plastiki.

Na kabla ya hiyo kulikuwa na chambo kiitwacho Big O cha bwana Fred Young wa Tennessee, akichonga kwa mkono kwa balsa. Zilikuwa adimu hivi kwamba watu walikuwa wakizikodi kwa siku, wanaacha dhamana, jioni wanarudisha. Ilipofika 1973 mtengenezaji wa chambo, Cotton Cordell, akatoa za plastiki, zikauzwa kwa wingi sana.

#13 Fundi Msumeno (Tanga)

Kijana wa Lindi, nimekuelewa na nakubali nusu. Nusu nyingine naiweka mpaka nichonge yangu.

#14 Mwenye Duka (Mombasa)

Mimi nauza vifaa vya uvuvi, nimesoma kote nikaona niseme la upande wa duka.

Sisi hatuzifichi. Nikiagiza za mbao, sanduku linakaa miezi minane juu ya rafu. Anayeingia anauliza bei kwanza, anaona ya plastiki ni nafuu na rangi yake inang'aa, anabeba. Wanaotaka ya mbao ni wachache na wanataka rangi moja tu. Nikiagiza rangi sita, moja inaisha wiki ya kwanza na tano zinabaki na mimi. Pesa ya duka dogo haiwezi kulala hivyo.

Jihadharini na bandia pia. Kuna muuzaji wa mtandaoni aliniletea kifurushi zamani, maandishi sawa, sanduku sawa. Nilipoinua moja nikaona ulimi umebandikwa kwa gundi, haukuingia ndani ya mti. Nikaivuta kwa kidole ikang'oka. Niliteketeza zote. Sikuweza kumwuzia mtu anayekwenda baharini na watoto wanamsubiri.

#15 Mtoto wa Mutrah (Muscat)

Huku Oman nguru tunamwita kanaadi, na kuanzia 15 Agosti mpaka 15 Oktoba ni marufuku kumvua, apate kutaga. Ukishikwa naye ni kosa. Basi ikifika nusu ya Oktoba utaona kila mtu anafungua sanduku lake la chambo kama siku ya Idi.

Bibi yangu alizaliwa Unguja na babu alikuwa mvuvi wa huko, naye babu alitumia kichwa chekundu na hakuwa na mjadala. Mimi nina sababu ya kumpinga, nisameheni. Wekundu ndio rangi inayopotea kwanza majini. Ukishuka mita kadhaa, kichwa chekundu kinaonekana cheusi. Kwa hiyo nguru haoni damu, ndugu Bin Shamte. Anaona kitu cheupe kifupi, kimekatwa kichwa. Labda ndicho anachokipenda: samaki anayeonekana mdogo kuliko alivyo.

#16 Bin Shamte (Wete)

Sisi tunarambaza juu juu, mwanangu, manyoya yako kwenye maji ya pima moja. Hapo wekundu bado ni wekundu. Lakini nimependa ulivyojieleza. Msalimie bibi.

#17 Mrambazaji (Msambweni)

Nimesoma yote mara mbili, ahsanteni nyote. Naanza na dada yangu wa Mkwiro.

Nilimpigia ami usiku ule ule. Nikamwuliza fundo. Akasema kitanzi, "tundu la kupitisha kalamu". Mimi mwezi mzima na hizi za plastiki nimekuwa nikitumia klipu ya chuma, nene, inabana pua. Hapo nimekosea.

Mwendo: yeye hakuwa na GPS. Alikuwa akisikiliza mashine na kutazama povu la nyuma. Mimi nakwenda maili 7 za baharini kwa saa, wakati mwingine 8, kwa sababu mashine yangu ina nguvu zaidi. Ami anakadiria yeye hakuvuka 5.

Kuhusu pete ya puani, nilinyamaza kwenye simu. Ilikuwa imepinda. Nakumbuka vizuri: samaki kolekole mmoja mkubwa aliipinda kaskazi ya 2004 tukiwa pamoja, nilikuwa kijana. Nilitaka kuinyoosha kwa koleo, ami akanishika mkono, akasema, "Iache, ameitengeneza." Baada ya hapo ilikuwa haiendi nyuma ya boti moja kwa moja. Inakwenda, inakwenda, halafu inachomoka upande wa kulia kama inakimbia, inarudi. Ndivyo anavyosema Kijana wa Lindi.

Kwa hiyo sasa sijui. Mti? Kolekole wa 2004? Rangi ya kucha? Mwendo wa mzee?

#18 Daktari wa Ndoana (Dar)

Niongeze moja usilolitaja, kwa upendo. Nguru wenyewe. Kaskazi za 2004 na za leo si sawa. Nyavu zimeongezeka, boti zimeongezeka. Ukirambaza mwezi mmoja na za plastiki hujapima plastiki, umepima mwezi ule. Ili ujue, ungelazimika kuvuta mbili pamoja, mti kushoto na plastiki kulia, siku hiyo hiyo.

#19 Sangara Mzito (Mwanza)

Daktari, lakini ya mbao iko tumboni mwa papa. Atazipimaje pamoja?

#20 Kolekole (Kilifi)

Nimekwenda kwa yule mzee wa kikebe cha biskuti. Nimemwonyesha uzi huu kwenye simu, nikamsomea #1 yote, amesikiliza kimya. Nilipofika kwenye rangi ya kucha akacheka, akasema mkewe naye alikuwa akilalamika vichupa vinapotea.

Hakunipa chekundu. Amesema hizo atazikwa nazo. Ila amenitolea moja ya mbao, ya samawati mgongoni, fedha tumboni, imechakaa, kwenye ulimi imeandikwa Ireland. Amesema mpe huyo kijana, asiniletee pesa, aniletee kipande cha nguru akimpata. Ndugu yangu, iko kwangu. Rangi siyo uliyoitaka.

#21 Fundi Msumeno (Tanga)

Na mimi taarifa. Nimechonga ya msufi, kwa kuwa ndio mti mwepesi nilio nao karibu. Urefu sentimita 18. Waya wa chuma kisichoshika kutu nimeupitisha katikati kama nilivyoona ndani ya ile niliyoipasua. Nimeyeyusha chubwi nikamimina tumboni, ulimi nimekata kwenye kipande cha bati la alumini.

Nimejaribu kwenye simtanki la jirani, navuta kwa fimbo kutoka ukingo mpaka ukingo. Ya kwanza ililala ubavu ikazunguka kama propela. Nikahamisha uzito mbele kidogo, ya pili ikasimama lakini haitikisiki, inakwenda kama kijiti. Ulimi niliuweka wima mno. Ya tatu nimeulaza, imeanza kutikisa mkia. Watoto wa jirani walipiga makofi. Tabaka tano za vanishi, inakauka kamba moja na nguo za wajukuu. Sijaipaka rangi.

#22 Mrambazaji (Msambweni)

Sina maneno. Kolekole, mwambie mzee kipande cha kwanza ni chake, cha kifuani. Jumamosi nitakuwa Kilifi.

Fundi, Jumatatu navuka mpaka wa Horohoro nije Tanga, usiipake rangi, nakuja na kichupa. Mke wa ami amenipa kimoja, kimebaki nusu. Kisha nitafanya anavyosema Daktari: ya mzee kushoto, ya Fundi kulia, ya plastiki katikati, maili 5 kwa saa.

#23 Binti wa Mkwiro

Zote tatu kwa kitanzi, kaka. Na klipu ile iache nyumbani.